Si Ndugu Yangu (Sehemu ya Tisa)

Kalamu ilikuwa imebakiza nusu inchi kuigusa karatasi, na mlango ukafunguliwa.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na salamu zenu nimezipata. Wengine mmenitukana mpaka na watoto wangu. Haya, yaishe: aliyefungua mlango ni Emosi.

Naam, Emosi mwenyewe, yule ambaye jina lake lilikuwa katikati ya karatasi ile. Jasho linamtiririka, kandambili zimejaa vumbi, na mkononi ameshika pasipoti ya Kitione.

"Umeisahau mezani, bwana mdogo," akasema huku anahema. "Nimekukimbilia kutoka Raiwaqa mpaka hapa mjini. Watu njiani wanadhani nimeiba kuku."

Kitione akaipokea bila kumtazama usoni.

"Afadhali umeileta," akasema Bi Urmila, kamishna wa viapo, mama wa miaka sitini mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. "Bila hiyo pasipoti ningemrudisha nyumbani sasa hivi. Karibu ukae."

Kwa aliyeazima gazeti leo kwa mara ya kwanza, nimpe haraka haraka. Kitione Tuivuna ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Walu Bay, Suva. Karakana moja ya meli huko Australia inamtaka. Kazi ipo, nyumba ipo, na mkewe Vasiti ana mimba ya miezi sita. Kilichobaki ni viza ya mafundi stadi. Sasa kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kuandika ndugu wa kiume, na Kitione, bila kufikiri mara mbili, akaandika jina la kwanza: Emosi.

Emosi ni mtoto wa baba yake mkubwa. Kwa Wafiji, kama kwetu, mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na hakuna anayeuliza zaidi.

Ofisi ya viza ikauliza. Kaka yako huyu aliwahi kufukuzwa nchini kwetu kwa kuishi bila kibali, mbona hukutuambia? Eleza kwa kiapo ndani ya siku kumi na nne.

Wakala aliyekuwa akimshughulikia akacheka. "Mbona rahisi? Kwa hesabu zao huyo ni binamu. Apa kwamba si ndugu yako, mambo yaishe."

Rahisi! Emosi alikwenda Australia kuchuma matunda. Mkataba ulipokwisha hakurudi, akajificha miaka miwili akifanya kazi za kujibanza, akituma ada ili Kitione asifukuzwe chuo cha ufundi. Siku Kitione alipopata cheti, Emosi alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akasema, "Mimi sina kibali." Cheti hicho ndicho Kitione anachoombea viza leo. Na sasa miaka miwili ile ile ndiyo imesimama mlangoni inamzuia kupita.

Turudi ofisini.

"Kaka," akasema Kitione, "nisubiri nje basi. Ni dakika moja tu."

"Nje jua linachoma. Hapa kuna feni." Emosi akavua kandambili, akakaa chini ya feni, akafumba macho yake mekundu yaliyoharibiwa na moto wa kuchomelea. "Endeleeni. Mimi sisikilizi mambo ya watu."

"Bi Urmila," Kitione akanong'ona, "naomba nisaini tu. Nimeshaisoma."

"Umeisoma kwa macho." Bi Urmila akashusha ile miwani ya kichwani. "Mimi sipigi mhuri kitu ambacho mwenyewe hajakisikia kwa masikio yake. Miaka ishirini na sita nasoma kwa sauti. Wewe ni nani hata nikubadilishie?"

"Tafadhali, mama."

"Kaa."

Akasoma. Na mama huyu, jamani, alikuwa na sauti ya kuita watoto ng'ambo ya mto.

"Mimi, Kitione Tuivuna, naapa kwamba mtu aitwaye Emosi Tuivuna, niliyemwandika kwenye fomu yangu kuwa ni ndugu yangu, si ndugu yangu. Niliandika kwa makosa. Hatukuzaliwa na baba mmoja wala mama mmoja. Sina wajibu wowote kwake, wala yeye hana wajibu wowote kwangu."

Feni ikaendelea kuzunguka. Kitione aliangalia sakafu.

Emosi akafumbua macho. "Hiyo ya mwisho, ya wajibu. Umeiandika wewe?"

"Wakala."

"Ahaa." Akatikisa kichwa taratibu. "Anaandika vizuri."

Kitione akainyakua ile karatasi aichane. Alikuwa ameshaipasua kwenye kona, pale Emosi alipoinuka na kumshika mkono. Mkono wa Emosi ulikuwa mzito kama zamani, siku zile alipomshikia koleo la kuchomelea na kumwambia apumue polepole.

"Saini," akasema Emosi.

"Kaka, siwezi..."

"Usiniite hivyo mbele ya mama wa mhuri, utaharibu kiapo." Alijaribu kucheka. "Una mke, una mtoto anakuja. Saini, twende nyumbani tukale."

Kitione akasaini. Mkono huu, unaounga chuma na chuma mpaka hupati kuona kiungo, ukaandika jina kombo kombo.

"Haifanani na ya kwenye pasipoti," akasema Bi Urmila. "Rudia. Na zinatakiwa nakala tatu."

"Tatu?"

"Moja yao, moja yangu, moja yako."

Emosi akavaa kandambili zake. "Anakana mara tatu," akasema akielekea mlangoni. "Kama kuna jogoo hapo nje, mfukuzeni."

Bi Urmila hakucheka. Akapiga mhuri mara tatu, na ule wa mwisho akaupiga pole pole.

*

Vasiti aliyasikia yote jikoni, akiwa ameshika kisu cha kumenyea magimbi.

"Niambie vizuri," akamwambia mumewe. "Emosi si kaka yako."

"Kwenye karatasi, Vasiti. Kwenye karatasi tu."

"Miaka sita namwita shemeji. Nilikuwa namwita nani?"

"Vasiti, nisaidie, usinimalize."

"Alipokuja kukuposea kwa wazazi wangu na jino la nyangumi la posa mkononi, akapiga magoti pale mkekani mpaka miguu ikafa ganzi, alikuwa nani? Mpita njia?"

Kitione akainama kuokota maganda sakafuni. Na kabla hajainuka, wakasikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Wakatazamana. Mlango ule Emosi ndiye aliyeutengeneza. Chumba cha nyuma ndicho chake tangu arudishwe. Tangu lini mtu anapiga hodi kwake?

"Hodi wenyewe," ikasema tena ile sauti.

"Karibu, shemeji," Vasiti akaitika, na machozi yakamtoka hapo hapo, yakadondokea kwenye magimbi.

Emosi akaingia, akasubiri aonyeshwe pa kukaa. Akala kidogo, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, akaondoa sahani yake mwenyewe. Hakuwa na hasira hata chembe. Angekuwa na hasira Kitione angepona, maana hasira ya Emosi aliizoea tangu utoto.

Mngedhani basi, imetosha. Haikutosha. Jumatano ikaja barua nyingine kutoka ofisi ya viza: kiapo tumekipokea, lakini tutampigia simu Emosi Tuivuna mwenyewe. Alhamisi, saa nne asubuhi. Mwombaji asiwepo chumbani.

Hapo Kitione akachanganyikiwa kabisa. Kwa sababu Emosi, mnajua tena, hasemi uongo. Ni msomaji wa neno kanisani kwao Raiwaqa, na huko Australia wangemwachia arudi kimya kimya kama angesema hakujua muda wake umekwisha. Waliuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua." Wakampiga marufuku.

"Kaka," akambembeleza usiku ule ule wa Jumatano kabla ya kulala, "sema tu mimi ni binamu yako."

"Neno hilo kwetu liko wapi?"

"Kwa Kiingereza lipo."

Emosi akafikiri. "Sawa. Wakiniuliza kwa Kiingereza, nitawapa ukweli wa Kiingereza. Sitakuwa nimedanganya mtu."

Kitione akalala usingizi wa kwanza baada ya siku tisa.

Asubuhi Emosi akavaa shati jeupe la Jumapili, sulu, ile shuka yao ya kiunoni, iliyopigwa pasi, na tai. Kwa ajili ya simu! Vasiti akaenda kwa jirani. Kitione akaenda uani akajifanya anaanika nguo, lakini simu ya Emosi ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na kuta zile za mabati ni za kujidanganya tu. Alisikia kila neno.

Saa nne kamili ikalia.

Wa kwanza kuongea alikuwa mwanamke wa ofisini, kwa Kiingereza chake cha haraka. Halafu akaja mwanamke wa pili, sauti ya upole.

"Bula vinaka, bwana. Mimi ni mkalimani wako."

Kitione akaangusha shati kwenye matope.

Alikuwa ni Mfiji! Walikuwa wamemtafutia Emosi mtu wa kwao, wakidhani wanamtendea wema.

"Dada," akasema Emosi, "naomba niulizwe kwa Kiingereza. Nakijua."

"Samahani, bwana. Umeandikwa utahojiwa kwa Kifiji, na mimi nimeshaapishwa. Swali la kwanza." Akavuta pumzi. "Kitione Tuivuna ni mdogo wako?"

Akalitamka kwa lugha ya kwao, *tacimu*, neno lile lile ambalo marehemu mama yake Emosi alilitumia siku alipomleta Kitione nyumbani, yatima wa miaka mitano, akamkabidhi kwa mwanawe: huyu ni mdogo wako. Kwa Kiingereza swali lile lilikuwa na majibu mawili. Kwa Kifiji lilikuwa na moja tu.

Kiti cha Emosi kikalia sakafuni.

"Bwana Emosi? Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Ni mdogo wako?"

Kitione aliinama kando ya ukuta, akaweka paji la uso kwenye bati. Bati lilikuwa limeshaanza kupata moto. Aliomba Mungu Emosi aseme ndiyo. Halafu aliomba aseme hapana. Halafu aliona aibu, akaacha kuomba.

"Hapana," akasema Emosi.

"Hapana... nini, bwana? Naomba jibu kamili."

"Si mdogo wangu."

"Ni nani kwako?"

"Ni mtu tu. Nilimfundisha kuchomelea."

Mkalimani ni mtu wa kwao, na alijua amesikia nini. Yule wa ofisini akamuuliza kitu, naye akakohoa, akatafsiri kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa neno. Simu ikakatwa baada ya dakika tatu.

Emosi alipotokea uani, alikuwa amelegeza tai. Kitione akamwangukia miguuni palepale kwenye matope.

"Nisamehe. Kaka, nisamehe."

"Inuka, unachafua nguo."

"Umesema uongo kwa ajili yangu."

"Nimesema." Emosi akakaa kwenye ngazi, akajifuta uso kwa ile tai. "Wa kwanza katika maisha yangu, na nimewekewa mkalimani kabisa asije akaukosea." Akacheka peke yake, kicheko kikakatika katikati. "Sasa sikiliza. Mimi neno nikishalitoa silichezei. Mtu ambaye si ndugu yako hakai nyumbani kwako na mkeo mjamzito. Majirani watasema nini?"

"Unakwenda wapi?"

"Kwa watu wa kanisani. Kisha nitaona."

"Emosi, mimi ninakufa!"

"Hufi. Unakwenda Australia."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko mmoja. Kofia yake ya kuchomelea akaiacha kwenye msumari. Pale getini akageuka, na maneno aliyoyasema Kitione atayasikia mpaka anaingia kaburini.

"Ulipokuwa mdogo nilikuchapa ulipotaka kunigusa kichwa, unakumbuka? Kwamba kichwa cha kaka hakiguswi." Akainamisha kichwa kidogo, nywele zikiwa zimeanza mvi. "Sasa ukitaka, unaweza."

Kitione hakunyanyua mkono. Emosi akasubiri kidogo, akafunga geti vizuri nyuma yake, akaenda zake.

*

Viza ikaja kesho yake, saa sita mchana.

Wenzake kazini wakapiga kelele, wakammwagia maji, wakamwimbia. Kitione alilia mpaka akakaa chini kwenye vyuma. "Mwacheni," wakasema, "ni furaha hiyo."

Alizunguka kanisa lote la Raiwaqa akimtafuta Emosi. Alikuwepo asubuhi, wakamwambia. Kaondoka na basi la Rewa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuaga kijijini. Hamjui uchungu wa siku hiyo mpaka mjue utaratibu wake: anayesafiri hajiombei njia mwenyewe. Yeye hukaa nyuma, kimya, kichwa chini. Mbele yake hukaa kaka yake mkubwa, na fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, naye ndiye humwombea kwa wazee wa ukoo: huyu mdogo wangu anakwenda, mpeni ruhusa, mpeni baraka. Bila kaka, hakuna wa kusema.

Nyumba ya ukoo ilikuwa imejaa. Magimbi yameiva, samaki wa tui wamepakuliwa. Shangazi Makereta, dada wa marehemu baba yake Kitione, alikuwa amesimama kwenye nguzo na simu yake juu, anarusha moja kwa moja ili jamaa waliopo Australia nao waone.

"Semeni bula!" akapiga kelele. "Mia tatu wanatutazama! Andikeni mlipo, jamani! Kitione Tuivuna huyo anakuja kwenu na viza yake mkononi!"

Kitione alikaa kwenye mkeka, Vasiti ubavuni. Mbele yake palikuwa patupu.

Mzee Ilaitia, msemaji wa ukoo, akakohoa. "Kaka yake yuko wapi?"

Watu wakageuza shingo. Hakuna aliyejua la viapo, la simu, la mhuri. Kitione hakumwambia mtu, na Vasiti alikuwa analia tu, wakadhani ni mambo ya mimba.

"Kitione, Emosi yuko wapi? Nani atakuombea njia?"

Kitione akatazama ule mkeka mtupu mbele yake.

"Hodi," ikasema sauti kwenye mlango wa chini.

Emosi. Shati jeupe lile lile, tai ile ile, na mikononi fungu la mizizi refu kuliko mtoto. Akaingia ameinama, akakaa palepale mlangoni, wanapokaa wageni.

"Kulikoni huko?" Mzee Ilaitia akacheka. "Mahali pako ni huku juu, kwa wazee."

"Hapa panatosha, mzee. Mimi mgeni."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Emosi leo ana utani!

"Mgeni gani?" akasema mzee, naye anacheka, na bila kujua akalichukua neno lile lile la kwenye simu. "Kitione si mdogo wako?"

Emosi hakucheka. Akalisukuma lile fungu la mizizi juu ya mkeka, likateleza polepole mpaka likagota kwenye magoti ya Kitione.

"Muulizeni yeye," akasema. "Mimi jibu langu nilishalitoa juzi. Yeye akisema ni kaka yake, nitakuja huko juu nimwombee njia. Akisema siye, nitakunywa kikombe kimoja niende zangu, na sitamlaumu."

Kicheko kikazimika upande mmoja wa nyumba, kisha upande wa pili.

Mzee Ilaitia akamgeukia Kitione. Uso wake haukuwa tena wa utani.

"Kitione. Huyu ni nani yako?"

Mfukoni mwa shati, juu ya moyo, Kitione alikuwa na nakala yake ya kiapo, imekunjwa mara nne. Mbele yake simu ya shangazi ilikuwa wazi, jina lake limeshatajwa, viza yake imeshatangazwa, na nani ajue ni nani anatazama huko? Neno moja hapa, na kiapo chake ni uongo mbele ya dunia nzima. Neno lile jingine, na hana kaka tena, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya ukoo.

"Jibu," akanong'ona Vasiti, na kucha zake zikaingia kwenye mkono wa mumewe.

"Mia nne sasa!" akashangilia Shangazi Makereta, ambaye hakuwa amesikia lolote, akasogeza simu karibu na uso wa Kitione. "Ongea, mwanangu, wanakusubiri!"

Na kweli walikuwa wanasubiri, wote mia nne. Kule mlangoni Emosi naye alikuwa anasubiri, amekunja miguu, ameinamisha kichwa.